Bata Aliyemwambia Babu Yake "Mambo"

Kabla hujaniuliza, chalii wangu, nikujibu: ndiyo, ni mimi. Yule bata Kinyoya wa katuni, aliyekulea ukiwa umekaa sakafuni na uji umepoa mbele yako, ni mimi. Yule ngiri mwenye mafua, mimi. Yule kuku mama, mimi, na vifaranga wake sita, wote mimi, isipokuwa mmoja aliyekuwa analia pembeni. Huyo alikuwa fundi mitambo wetu, Goodluck, amejibana kidole kwenye droo. Tukaona kilio kinafaa, tukakiacha.

Sikusoma sana na sioni haya kusema. Darasa la saba nilimaliza kwa sababu walimu walichoka kuniona. Lakini wenye digrii zao nimewafundisha, wakaandika kwenye daftari, na mimi nikiwa nimekaa nakula karanga. Nyumba yangu ya Sokon I, yenye bati la rangi na geti la chuma, imejengwa na bata. Jirani yangu yake imejengwa na benki, na kila mwezi anatembelewa na benki. Mimi bata hajawahi kuja kunidai.

Siku hizi siingii tena chumbani kurekodi. Daktari aliniangalia kooni na taa yake akasema, mzee, hili koo umelitumia kama la watu tisa. Nikamwambia umekosea hesabu, ni watu arobaini na wanyama. Basi nimestaafu. Nina studio yangu ndogo, nakaa upande wa pili wa kioo, kazi yangu ni kusema "rudia". Na vijana mnakuja na simu zenu, mnaniuliza, "Mzee, siri ya sauti ni nini?" Mnataka siri moja, fupi, muende nayo.

Hakuna siri moja. Lakini kuna wiki moja ambayo tulikaribia kupoteza kazi yote kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa langu. Nikikusimulia hiyo wiki, utaokota humo humo unachotaka.

Mimi, Lomayani, nilitokea soko la Kilombero, hapa hapa Arusha. Nilikuwa nauza mitumba, nasimama juu ya meza, na kila nguo ilikuwa na sauti yake. Suruali ya mtu mnene iliongea kinene. Koti la mzee lilikohoa kwanza ndipo litaje bei. Gauni la mtoto lilikuwa linaongea kitoto, linalia, linaomba linunuliwe kabla halijapata baridi. Watu walikuwa wanasimama kusikiliza na wenzangu wananichukia, maana wateja wao walikuwa kwangu.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kichaga, mfupi, miwani, mwalimu wa chekechea. Anatafuta mapazia mazito. Akaniuliza, "Huyo mtoto anayeongea yuko wapi?"

"Mtoto hayupo mama. Ni mimi."

"Acha mzaha. Nimemsikia kutoka kule kwenye vitunguu."

Nikamwongelea kitoto pale pale. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama ananihesabu meno. Huyo ndiye Mama Ndeshi. Mapazia yale alikuwa anakwenda kutundika kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake Levolosi, kuzuia makelele, ili atie sauti za Kiswahili kwenye katuni za ng'ambo. Akaniambia, "Njoo Jumatatu saa nne. Na usinywe maziwa."

Mimi nikadhani ni mambo ya dini yake. Jumatatu nikaamka, nikapiga bakuli mbili za loshoro, mahindi na maziwa mgando, chakula cha mwanaume, nikaenda. Nikafungua mdomo mbele ya maiki. Goodluck akavua hedifoni.

"Kaka, kuna mtu anatembea kwenye tope humo ndani."

Ndiyo tope lenyewe, kijana. Maziwa yanapaka koo ute, na maiki inasikia kila kitu: mate, tumbo, funguo mfukoni, koti la nailoni. Ukitaka kurekodi, kunywa maji ya vuguvugu yenye tangawizi, lamba ndimu kidogo, vaa pamba. Shuka ni nguo nzuri kuliko zote kwa kazi hii, haina sauti. Hilo somo la kwanza nililipata kwa aibu, ndiyo maana sijalisahau.

Chumba chenyewe kilikuwa ukuta mzima trei za mayai, juu yake mapazia yangu ya mtumba, na mlangoni godoro. Jirani kulia alikuwa anachomelea mageti. Jirani kushoto ana mbuzi. Siku niliyotoa sauti ya mwanambuzi aliyepotea, mbuzi wa jirani akaitika, akaruka ukuta, akaja kusimama mlangoni kwetu na maziwa yanadondoka. Mwenye mbuzi akatutukana. Mimi nikafurahi wiki nzima, maana hakuna cheti kinachozidi hicho. Nimechunga mbuzi kwa baba yangu Kisongo tangu sijaota meno ya mbele ya ukubwani, sauti zao sikufundishwa na mtu. Mvua nayo ikianza juu ya bati, kazi imekwisha, mnakunywa chai mnaangaliana. Na Arusha mvua unaijua.

Sasa nikueleze ugumu wenyewe uko wapi. Watu wanadhani kutia sauti ni kuongea kwa kubana pua. Sivyo. Katuni imeshachorwa huko kwao, mhusika ameshaongea lugha yao, mdomo wake umeshafunguka na kufungwa mara zake. Wewe unakuja na Kiswahili chako. Ni kama suruali ya mtumba: ilishashonwa kwa kiuno cha mtu mwingine, wewe ndiye unayetafuta namna ya kuingia. Neno letu likiwa refu, mdomo umeshafungwa na sauti bado inatoka. Mtazamaji hajui kosa ni nini, lakini anahisi anadanganywa.

Kwa hiyo unajifunza kusoma midomo. Bata ni rahisi, mdomo wake ni fungua, funga, kama mlango wa kabati. Mbwa ni mgumu. Farasi ni mateso. Mhusika akigeuka mgongo, mshukuru Mungu, hapo unaweza kumsomea hata risala. Na zawadi kubwa kuliko zote ni mnyama mwenye masharubu.

Kwenye katuni yetu alikuwepo mmoja. Mnyama wa bahari ya baridi, mkubwa kama nyati, meno mawili marefu yananing'inia, na masharubu yamefunika mdomo mzima. Jina lake kwa Kiswahili hatukulijua. Goodluck alisema ni nguva. Mama Ndeshi akasema, "Nguva gani ana sura ya mzee wa kanisa?" Tukamwita Babu Masharubu, yakaisha. Huyu alikuwa ndiye mzee wa kijiji, na bata mdogo Kinyoya alikuwa kama mjukuu wake. Wote wawili nilikuwa naongea mimi. Kinyoya nilimwongea nikiwa nimetabasamu, maana mashavu yakipanda sauti inakuwa ndogo. Masharubu nilimwongea nimeketi, kidevu kifuani.

Kituo kimoja cha televisheni cha Dar kilikuwa kimetupa kipindi kimoja cha majaribio. Kikipita, tunapewa vyote ishirini na sita. Kisipopita, kazi inakwenda kwa watu wa hukohuko Dar. Mama Ndeshi alikuwa ameshaacha ualimu. Mimi nilikuwa nimeshamwachia mtu meza yangu Kilombero, tena sikuondoka kimya kama watu wenye akili. Nilipanda juu yake mara ya mwisho nikatangaza, "Mkinitaka tena, washeni televisheni!" Wewe fikiria mtu wa namna hiyo arudi kuuza soksi.

Basi, mwanzoni mwa kile kipindi, Kinyoya anatokea juu ya kilima, anakuja mbio, anafungua mdomo mara mbili, pa-pa, halafu anagonga kichwa kwenye tumbo la Babu Masharubu, na Babu anaweka ule mkono wake wa samaki juu ya kichwa cha bata. Huko kwao hapo alikuwa anamsalimia kwa lugha yao, kirafiki. Mara mbili, pa-pa. Mimi nikatafuta neno la kusalimia la mara mbili. Sikutafuta sana.

"Mambo!"

Na Babu Masharubu, kwa sauti yangu nzito, "Poa!"

Likakaa! Likakaa kama kizibo kwenye chupa. Goodluck alipiga meza. Mama Ndeshi alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nikajisifu siku mbili. Tukatuma Dar.

Jumatatu simu ikaja, ni dada mmoja wa kile kituo, Mama Ndeshi akaiweka kwenye spika.

"Kazi nzuri sana, Mama. Sauti nzuri, picha nzuri. Jana nilimwonyesha mama yangu mzazi."

"Akasemaje?"

"Alizima."

Nikasikia mchomeleaji wa jirani anapuliza moto wake.

"Amezima kwa nini?" nikauliza.

"Bata anamwambia babu yake mambo, na babu anajibu poa. Mama amesema hicho kitu hakitaingia kwenye nyumba yenye watoto. Na wakubwa zangu wamesema hivyo hivyo. Rekebisheni mpaka Ijumaa. La sivyo tunawapa wengine, na mimi sitakuwa na la kusema."

Alipokata, Mama Ndeshi hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Miaka kumi na tano nimefundisha watoto shikamoo asubuhi na mchana. Halafu nimekaa hapo nikacheka."

Jumanne tukaanza kuhangaika. Shikamoo ni neno zuri lakini halikimbii. Mdomo umefunguka mara mbili, kwa haraka, wewe una neno linalotaka nafasi na heshima yake. Nikalibana likatoka kama chafya. Goodluck akapunguza mwendo wa picha, bata akaonekana amelewa. Mama Ndeshi akasema, basi asalimie kabla hajatokea, bado yuko nyuma ya kilima. Tukajaribu. Ikawa mtoto anamfokea mzee shikamoo kutoka ng'ambo ya bonde, kama anaita mbuzi. Mbaya kuliko mwanzo. Teki, yaani marudio, ya thelathini na kitu nikatupa karatasi chini nikasema, "Tatizo ni huyu bata, hana adabu tangu kwao!"

"Bata hana kosa," Goodluck akasema. "Bata alikuwa kimya mpaka ulipomwongelea."

Hiyo nilimsamehe baadaye sana.

Jumatano umeme ukakatika Levolosi yote. Mimi nilikuwa nampelekea baba yangu sukari na majani ya chai Kisongo. Mama Ndeshi akasema twende wote na gari lake, hapa tutagombana tu. Goodluck akabeba kompyuta, ilikuwa na chaji.

Baba yangu ni mzee wa Kiarusha, mkavu, mrefu, shuka na fimbo, masikio yametobolewa na hereni zake za shanga na vibati. Kazi yangu alikuwa haitambui. Watu wakimuuliza mwanao anafanya nini mjini, anasema yuko sokoni. Nilipomweleza mara ya kwanza aliniambia, "Nilikupeleka shule ujue kuongea na watu. Sasa unaongea badala ya bata." Akaondoka kwenda kwenye mbuzi wake, na hilo jambo likafungwa.

Tulipofika nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, ndivyo tunavyosalimiana kwetu hata uwe na mvi. Mama Ndeshi na Goodluck wakampa shikamoo zao, akaitikia, tukakaa kwenye viti nje. Mimi sikuwa na mpango wa kumwonyesha chochote. Ni Goodluck, kwa ubishi wake, alifungua kompyuta pale aangalie tena, akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Baba akasogea taratibu, kama mtu asiyetazama.

Kinyoya akatokea kilimani. Mbio. "Mambo!"

"Wewe!"

Sote tuliruka. Baba ameinua fimbo, anaielekezea kompyuta, anaita "kijana" kwa Kiarusha chetu.

"Ero! Simama hapo! Unakimbilia wapi? Huyo ni rika lako? Nani amekufundisha kumsalimia mzee mbio mbio namna hiyo?"

Bata, kama kawaida yake, akaenda akagonga kichwa kwenye tumbo la mzee. Ule mkono wa samaki ukashuka kichwani kwake. Na baba yangu akashusha fimbo. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Eheee," akasema pole pole. "Kumbe anajua. Ameinamisha kichwa. Haya, marahaba. Siku nyingine usikimbie."

Akageuka kwangu. "Huyu amelelewa. Ni mdomo tu umeharibika."

Mimi nilikuwa nimeona haya, natafuta pa kuangalia. Lakini Mama Ndeshi alikuwa amesimama, miwani mkononi.

"Goodluck. Rudisha. Zima sauti. Baba, samahani, naomba uendelee kukaa." Akaitazama picha bila sauti, anahesabu kwa vidole. "Lomayani, unaona? Sisi tumeshinda siku mbili kwenye mdomo wa bata. Mwenye mdomo uliofunikwa ni babu! Babu anaweza kusema chochote, wakati wowote. Mtoto akikosea, si mzee ndiye anayemrekebisha?"

"Na shikamoo?" nikauliza.

"Tumboni! Akigonga kichwa tumboni mdomo hauonekani. Asalimie humo humo."

Na ile mara mbili ya mbio, pa-pa? Hiyo niliitoa mimi, na sitamwachia mtu sifa yake: "Ba-bu!" Imekaa vile vile kama mambo ilivyokaa. Kwa hiyo mtoto anakuja mbio anaita Babu, babu anamkaripia, mtoto anainamisha kichwa anasema shikamoo, babu anamgusa utosini anaitikia. Salamu yetu ya Kisongo yote ilikuwa imechorwa mle na watu ambao hawajawahi kuiona Arusha.

Umeme uliporudi tukaingia chumbani. Shikamoo ya tumboni niliirekodi nimejifunika blanketi, mdomo kwenye mto. Kumbuka hilo: ukitaka sauti ya mtu aliyefukia uso, fukia uso, usiigize. Mara moja tu, ikapita. Halafu nikamgeukia Babu Masharubu. Kidevu kifuani. "Wewe! Simama hapo!"

"Rudia."

Nikarudia. Nikarudia mpaka jirani akafunga karakana yake. Kila teki Goodluck anatikisa kichwa.

"Kaka, wewe unaigiza mzee. Yule alikuwa amekasirika."

"Mimi ndiye Masharubu!" nikamwambia. "Tangu mwanzo ni mimi!"

Hapo ndipo Mama Ndeshi aliniuliza swali ambalo sikulipenda na silipendi mpaka leo. "Lomayani, unataka usikike wewe, au unataka bata asalimie?"

Sijui wewe ungejibu nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti. Ile sauti ilikuwa yangu, nilishaisifia mji mzima. Na aliyekuwa anayo nzuri kuliko yangu ni mtu ambaye hata hataki kusema mwanawe anafanya kazi gani. Baadaye nikainuka, nikampigia baba simu. Nikamwambia njoo kesho mjini uone kama yule bata amebadilika.

Alhamisi akaja na fimbo yake. Fimbo tukaiomba, akakubali kwa shida. Hereni akakataa kabisa. "Hizi hazijatoka tangu nilipotahiriwa." Na zilikuwa zinalia kama kengele kila akigeuka. Mama Ndeshi akazifunga na kitambaa chake cha kichwani, baba akakaa mbele ya maiki amefungwa masikio kama mgonjwa wa meno.

Tukamwomba aseme yale maneno ya jana. Akasimama wima kama yuko kwenye kikao cha kijiji.

"Wewe. Simama. Hapo. Unakimbilia. Wapi."

Goodluck akafumba macho. Tukajaribu tena. Baba akaongea kwa adabu kubwa zaidi, akaongeza na "tafadhali". Saa ikaenda. Mwishowe Mama Ndeshi akaninong'oneza, akamnong'oneza Goodluck, na tukafanya kitu ambacho pengine si kizuri. Tukamwambia baba apumzike, aangalie tu picha. Tukamwekea ile ya zamani, yenye mambo na poa, na maiki iko wazi.

"Mambo!"

"WEWE! Bado tu? Si nilikwambia jana? Ero, simama hapo!"

Yote ikatoka. Hasira, pumzi, na ule mwisho wa taratibu bata alipoinamisha kichwa. Goodluck alikuwa anauma shati lake asicheke. Ikapita mara moja, pamoja na mlio mdogo wa hereni ya kushoto, ambao ukisikiliza vizuri mpaka leo upo.

Tukaunganisha, tukamsikilizisha. Akasikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Huyo mzee anaongea vizuri," akasema. "Ni wa wapi?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi siongei hivyo."

"Ni wewe kabisa."

Akamtazama Mama Ndeshi, kwa kuwa mimi alikuwa haniamini. Mama Ndeshi akaitikia kwa kichwa. Baba akataka arudishiwe tena, na ilipoisha akasema, "Na bata ni nani?"

"Ni mimi."

Akaomba fimbo yake.

Ijumaa mchana simu ya Dar ikalia, tukaiweka kwenye spika, sote watatu tumesimama.

"Nimemwonyesha mama," akasema yule dada.

"Akasemaje?" Mama Ndeshi akauliza.

"Amesema rudisha nyuma aone tena. Na ameuliza huyo mzee kama ni mjane."

Ndivyo tulivyopata vipindi ishirini na sita, na baada ya hapo vingine, na mimi nikawa mtu pekee Arusha aliyemwajiri baba yake mzazi. Hatukuwahi kumpa karatasi, kusoma hajui na maneno ya kukariri yalikuwa yanamkausha. Tulikuwa tunamweleza tu kosa. Mama Ndeshi anasema, "Baba, leo Kinyoya amekula chakula cha mwenzake." Baba anasema, "Tena?" na Goodluck anabonyeza. Kazi yangu ikawa kupima maneno yake na picha, kukata hapa, kusogeza pale, na kumjibu kwa sauti ya bata. Nimegombezwa na baba yangu vipindi vyote hivyo, kwa makosa ambayo sikuyafanya, na nikalipwa.

Siku hizi vijana mnarekodi ndani ya kabati la nguo na simu, na inatoka safi kuliko ile ya trei za mayai. Vizuri. Mwingine ananiletea sauti iliyotengenezwa na kompyuta, ananiambia, mzee sikiliza, haina tofauti. Nasikiliza. Halafu namuuliza, huyu amekasirika kwa nini? Ananitazama. Ukishindwa kujibu hilo usiwashe maiki, iwe kompyuta, iwe wewe.

Baba sasa amezeeka, kurekodi ameacha kabla yangu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kisongo nikamkuta amesimama barabarani mbele ya geti lake, fimbo mkononi, wakati shule ya msingi inatoka. Watoto walipomwona, wakarudi nyuma kidogo, kama fahali wanaotafuta nafasi ya kupiga pembe. Halafu wakaja mbio wote kwa pamoja, mikoba inaruka migongoni, wanapiga kelele, "Babuuu!"

"Wewe! Simama hapo! Nani amekufundisha kukimbia?"

Wakafika wanacheka, wakainamisha vichwa mmoja mmoja, na yeye akawagusa utosini mmoja mmoja, anasema marahaba, marahaba, wewe wa mwisho funga kamba ya kiatu. Wakaondoka. Wengine wawili wakazunguka nyuma ya ukuta wakapanga foleni upya.

Nikamsalimia, nikamuuliza anafanya nini hapo barabarani na jua lote hili.

Akasema anawangoja mbuzi.

Mbuzi walikuwa zizini.